Jifya Moja Haliinjiki Chungu: Tarehe ya Jiko la Unguja na Watu Wenye Kazi

Nazi ikikunwa asubuhi, tui lake halingoji jioni. Joto la Unguja hulichachisha kabla ya alasiri, na mpishi aliyezoea hulitambua kwa harufu kabla hajalitia chunguni. Ndiyo maana tangu zamani za zamani nyumba ya pwani ilikuwa haina akiba ya tui, wala ya samaki mbichi, wala ya mchicha uliokwisha kuchumwa, bali kila siku ilianza upya, kutoka nazi nzima hadi sahani, kana kwamba jana hakukupikwa kitu.

Nimeanza na tui kwa makusudi, kwa kuwa siku hizi nawasikia wazazi wenye ajira, kina mama na kina baba, ambao hutoka kazini saa kumi na moja za jioni, wakakaa ndani ya daladala kwa saa nzima, wakafika nyumbani na kukuta watoto wana njaa na jiko ni baridi, kisha wakajilaumu kuwa wao ni dhaifu kuliko wazee wao, ambao kwa dhana yao walikuwa wakipika vitu vibichi kila siku ya Mungu bila ya taabu. Lawama hiyo si ya haki, na tarehe yenyewe ya jiko letu ndiyo shahidi. Mtu akiichungua karne hata karne, hatamwona popote mwanamke mmoja aliyeshinda kazini mchana kutwa kisha akakuna, akachuja, akapara, akaunga na akapakua peke yake. Ataona siku zote mikono mingi, mingine ya mapenzi, mingine ya ujira, na mingine, yapasa tuseme bila ya kuficha, ya kulazimishwa. Wahenga waliokaa mbele ya mawe matatu ya kupikia walisema kuwa jifya moja haliinjiki chungu, nami methali hiyo naichukua hapa kwa maana yake ya wazi kabisa, ile ya jikoni.

Ushahidi mzuri wa kale juu ya maakuli ya pwani hii aliuacha Ibn Battuta wa Tangier, aliyeshuka Mogadishu mwaka 1331, akakirimiwa wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika sahani kubwa ya mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Na pembeni yake akawekewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando, na achari ya ndimu na ya pilipili, na tangawizi mbichi, na maembe. Pilipili hiyo bila ya shaka haikuwa hii tuijuayo leo, kwani ya leo ilikuwa bado haijavuka bahari kutoka bara la Amerika. Lakini ghairi ya hiyo, msomaji wa Unguja akiitazama sahani ile ataijua mara moja, kama mtu aionavyo sura ya babu yake katika uso wa mjukuu. Na alipofika Mombasa, msafiri huyo akaandika kuwa chakula cha watu wake aghalabu ni ndizi na samaki, na kuwa nafaka huletwa kutoka pwani ya bara. Neno hilo la mwisho ni dogo lakini lina uzito: zamani hizo tayari, chungu cha mji wa kisiwani kilikuwa kinategemea jahazi la mtu mwingine, na mkulima wa mahali pengine, na bandari iliyo wazi.

Mchele wenyewe ulikuwa kwetu kabla ya Ibn Battuta. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamezikuta punje zake zilizoungua katika magofu ya Pemba, na wameona kuwa kadiri miji ile ilivyozidi utajiri ndivyo wali ulivyozidi kutawala mahali pa mtama na uwele. Nazi nayo ilikuja kutoka mashariki, kwa njia ya maji, ikastawi mchangani kama iliyoumbwa kwa ajili yetu.

Kisha wakaja Wareno, ambao walituachia ngome, na maneno machache ya nyumbani kama vile meza na kopo, na baada yao, karne baada ya karne, mimea ya Amerika ikaenea mashambani: mahindi, muhogo, viazi vitamu, tungule, pilipili, mananasi na mapapai. Leo hakuna mchuzi wa Unguja usiotiwa tungule, hata mtu hudhani tungule zilikuwapo tangu enzi za Washirazi. Walakini katika mimea yote hiyo mimi naupa muhogo daraja ya kwanza, kwa sababu muhogo ndio chakula kibichi cha kwanza kilichojua kumngoja mtu mwenye shughuli. Mpunga lazima uvunwe kwa msimu, utwangwe na upepetwe. Samaki lazima apikwe siku ile ile. Lakini muhogo hukaa ardhini miezi mingi bila ya kuoza, na ghala lake ni lile lile shamba, na mwenye nyumba huung'oa jioni ile anayouhitaji, akaumenya, akaukata vipande, akautia tui na chumvi na pilipili moja nzima isiyopasuliwa. Na majani yake ni kisamvu, kwa hivyo mti mmoja humpa mtu chakula na kitoweo. Wako wanaoudharau muhogo wakauita chakula cha shida; mimi nawaambia kuwa lau si muhogo, watu wengi wa visiwa hivi wasingefika mwisho wa vita vya pili vya dunia, jambo nitakalolirejea.

Sasa tuingie katika jumba kubwa. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, na ambaye baadaye alijulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na ndani yake amelieleza jiko la baba yake Sultani kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Jumba lile, kwa hesabu yake, lilikuwa na watu wapatao elfu moja. Wanyama walipikwa wazima. Samaki wengine walikuwa wakubwa hata huchukuliwa na watu wawili wenye nguvu. Samaki wadogo walihesabiwa kwa vikapu, na kuku kwa madazeni. Samli ilitoka kaskazini, hasa kisiwa cha Socotra, katika mitungi mizito. Msomaji hupendezwa na fahari hiyo, nami sikatai kuwa inapendeza. Lakini nani alimchukua samaki yule? Nani aliwasha moto kabla ya alfajiri, nani aliosha masufuria? Ni watumwa, wanaume na wanawake waliotolewa bara kwa nguvu, na hapana jiko la kibwana katika Unguja ya karne ya kumi na tisa, dogo au kubwa, lililosimama bila ya mikono yao. Ukarimu ule tunaousifia katika hadithi za mji ulikuwa umekalia mgongo wa mtu, na mtu huyo kwa kawaida hakuitwa kula mpaka wageni wamekwisha kunawa.

Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja tarehe 6 Aprili 1897, ijapokuwa masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Miaka hiyo jambo kubwa lilitokea jikoni, nalo halijasimuliwa vya kutosha: kupika, kazi ambayo kwa wenye mali ilikuwa ya mtumwa, kukawa kazi ya ahali ya nyumba. Waliokuwa watumwa wakahamia kwa wingi Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga mji wa mawe, wakajenga nyumba za udongo na makuti, na kwa mara ya kwanza wakapika kwa ajili yao na watoto wao. Huko Ng'ambo ndiko ilikosimama ile namna ya upishi ambayo wazee wetu wa leo waliikuta na kuidhani kuwa ya tangu na tangu, yaani nyumba isiyo na mtumwa wala bwana, yenye mama, na dada, na shangazi, na bibi mkongwe asiyetoka tena, na watoto wa kutumwa, kila mmoja ana fungu lake la kazi, na chungu kimoja katikati.

Mwaka 1904, katika enzi ya Sayyid Ali bin Hamud, likajengwa soko la Darajani, lenye paa refu na kumbi za samaki na nyama, mahali hapo hapo mji wa mawe unapokutana na Ng'ambo. Soko hilo nalitaja hasa kwa sababu ya nani alikuwa akienda. Kwa ada ya mji wetu, na kwa ajili ya staha, mke wa nyumba hakwenda sokoni kusukumana na wachuuzi; aliyekwenda ni mume. Asubuhi, kabla ya kuingia dukani au ofisini au gatini, baba alipitia Darajani na kikapu cha ukili mkononi, akasimama mnadani samaki wanaponadiwa, akafunua shavu la changu kwa kidole kuona wekundu wake, akabonyeza ubavu kuona kama nyama inarudi, akapatana bei, akaongeza fungu la bamia na tungule, na ndimu mbili, kisha akampa mtoto au mchukuzi kikapu akipeleke nyumbani. Masurufu ya siku yalikuwa juu yake, si fedha peke yake, bali na miguu pia na macho ya kuchagua. Mombasa ilikuwa ni hivyo hivyo kwa Marikiti, na mpaka leo mzee wa Kibokoni au wa Kuze huona fahari kujua samaki gani ni wa kukaanga na yupi ni wa mchuzi. Mwanamume wa pwani asiyejua kuchagua samaki alichekwa.

Na samaki ana majira yake. Katika kaskazi bahari hutulia, madau hufika mbali, na mnada huwa mkubwa. Kusi kinapovuma kwa nguvu, yapo majuma ambayo vyombo vidogo hulala pwani na bei hupanda, na hapo ndipo ng'onda na papa mkavu hushuka kutoka darini. Wazee wetu hawakuona aibu kula kikavu. Ubichi kwao ulikuwa kitu cha msimu, nao waliufuata msimu, wakijua kuwa wiki ya upepo itapita na changu atarudi.

Kikapu kilipofika nyumbani, saa ya jikoni ilianza, nami hii nitaieleza kwa nilivyoiona kwa macho yangu, kwani nikiwa mtoto wa chuoni kazi yangu ya kila siku, baada ya kurudi na msahafu, ilikuwa kukuna nazi. Mbuzi ya nazi ni kigoda cha mbao mbili zinazokunjana, na mbele yake umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Bibi aliipasua nazi kwa mgongo wa kisu, pigo tatu kuizunguka, maji yake akayakinga kwenye kopo na kunipa mimi ninywe, huo ndio ulikuwa ujira wangu. Nikakaa juu ya mbuzi, sahani chini ya ulimi, nikakuna kwa kuzungusha kifuu pole pole, kutoka ukingoni kwenda ndani, na nikisikia chuma kinakwaruza kifuu najua nimekwenda mno, kwani vumbi jeusi likianguka kwenye nazi, wali hauwi mweupe na bibi hasemi kitu lakini hunitazama. Nazi mbili za wali, moja na nusu ya mchuzi. Kisha dada yangu akaitia nazi maji ya vuguvugu, akaiponda kwa mikono, akaijaza katika kifumbu, akakikamua kwa kukisokota mpaka mishipa ya mikono ikamtoka. Hilo la kwanza ni kasimile, tui zito, likawekwa kando. Akatia maji tena, akakamua tena: hilo ni tui jepesi, la kuchemshia. Chicha iliyobaki walipewa kuku. Wakati huo huo mama anapara samaki uani, na shangazi anaosha mchele wa pishi moja na kutoa changarawe kwenye ungo, na seredani imekwisha kuwashwa na jirani wa mlango wa pili, ambaye alituletea makaa mekundu mawili matatu katika kifuu ili tusihangaike kuwasha upya. Kasimile lilitiwa mwisho, mchuzi ukiwa juu ya moto mdogo na mwiko haukomi, kwani likiachwa peke yake hukatika. Na wali ulipokaribia kukauka ulifunikwa na kupaliwa makaa juu ya mkungu, ukaiva kwa juu na chini.

Nihesabieni mikono. Baba mnadani, mchukuzi wa kikapu, mtoto juu ya mbuzi, dada na kifumbu, shangazi na ungo, jirani na makaa, mama na samaki, na bibi mwenye macho ya kuona kila kosa: watu wanane kwa chungu cha wali na sufuria ya mchuzi, na kila mmoja hakutumia zaidi ya nusu saa. Saa nne kasorobo kikapu kilifika. Adhuhuri ikisaliwa, chakula kiko tayari. Mtu mmoja akiifanya kazi hiyo yote, hata awe hodari namna gani, atahitaji saa tatu na zaidi, na saa hizo mwenye ajira hanazo. Hesabu ni hiyo tu, wala haihitaji kumtafutia mtu udhaifu wa tabia.

Fauka ya hayo, nyumba haikupika kila kitu. Asubuhi ilikuwa ya mtaa. Palikuwa na mwanamke, karibu kila uchochoro wa Ng'ambo, aliyeamka saa kumi za usiku kuchoma vitumbua au mkate wa kumimina au kukaanga maandazi, na watoto walitumwa na kisahani na sarafu. Palikuwa na boflo la kiwandani, na muuza kahawa na dele lake akigonganisha vikombe. Mombasa, mahamri na mbaazi za nazi zilinunuliwa kwa jirani tangu zamani, na hapana aliyesema kuwa mke wa nyumba hiyo ni mvivu. Wanawake hao wapishi wa asubuhi wengi wao walikuwa wajane au walioachwa, waliolea watoto kwa moto wa alfajiri, na wao ndio, kwa kweli, wazazi wenye kazi wa zamani hizo. Na nyumba isiyonunua ilikula mwiku, yaani wali wa jana uliopashwa moto kwa chai, na mwiku wa wali wa nazi, uliogandamana chini ya sufuria, watoto waliugombania.

Mambo yakaanza kubadilika kwa saa ya ukutani. Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na katika masomo yake yalikuwamo mapishi na kazi za nyumbani. Na baada ya muda baadhi ya wanafunzi wake wakawa walimu, kisha wauguzi, kisha makarani. Hao ndio wanawake wa kwanza wa mji wetu kutoka asubuhi kwa kengele na kurudi kwa kengele, na nyumba zao ziliweza kuwaachia, kwa kuwa nyuma yao alibaki bibi, na shangazi, na mikono mingine niliyokwisha kuitaja. Kadhalika saa za serikali ziliwasaidia: mpaka leo ofisi nyingi za Unguja hufungwa kabla ya saa kumi za alasiri, na chakula kikubwa cha nyumba nyingi ni kile cha mchana, ambacho mtu hukirejea hata kama kimechelewa. Mji unapopanga saa zake unapanga na sahani za watu wake, wajue wasijue.

Vikaja vita. Mchele uliokuwa ukiliwa mjini kwa sehemu kubwa ulitoka Burma, na Wajapani walipoitwaa Burma mwaka 1942 njia hiyo ikakatika, chakula kikagawiwa kwa kipimo, na watu wakarudi kwenye muhogo, na ndizi mbichi, na viazi vitamu. Niliwasikia wazee wakisimulia kuwa ndipo walipojifunza kupika muhogo kwa namna ambazo mama zao hawakuzijua. Sisemi kuwa vita vilikuwa na heri; nasema kuwa jiko lililozoea kutegemea merikebu lilikumbushwa shamba lililokuwa nyuma ya nyumba.

Wakati huo huo, upande wa bara, Dar es Salaam ilikuwa inajaa watu wasio na shangazi karibu. Kitongoji kilichopata jina la Kariakoo kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita vya kwanza, ndicho kilichokuwa na soko lao kuu, na jengo lake mashuhuri, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Vijana walioishi huko katika vyumba vya kupanga walikula kwa mama ntilie, na walipooa walinunua gengeni, mlangoni kwao, mafungu madogo ya siku moja: vitunguu viwili, nyanya tatu, kifungu cha mchicha. Genge ni ndugu yake Darajani aliyehamia mtaani, na kwa mtu anayerudi kazini usiku umeingia ni neema, kwa sababu mtaa wenyewe humwekea akiba ya vitu vibichi bila ya yeye kuwa na friji.

Yuko mzazi mwenye kazi ambaye hatajwi sana, nami sitaki kumsahau. Mwaka 1989 ukulima wa mwani kwa biashara ulianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, na waliouchukua kwa mikono miwili ni wanawake. Kazi hiyo haifuati saa ya ukutani bali bamvu: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali, karibu saa nne za asubuhi, na hapo ndipo mkulima huwa yumo baharini, maji magotini, akifunga mbegu kwenye kamba zilizotandwa kati ya vijiti, yaani ile ile saa ambayo kikapu cha samaki kilikuwa kikifika nyumbani kwa bibi yangu. Kwa hivyo katika vijiji vile siku za bamvu chungu huinjikwa na mwingine, binti mkubwa au mama mkwe au mke mwenza, na siku za maji mafu mkulima mwenyewe hurudi jikoni kwake na kulipa deni. Huo ni utaratibu wa jiko wenye hekima kuliko mwingi niliouona mjini, na umetungwa na wanawake wenyewe, bila ya kufundishwa na mtu.

Leo Darajani nazi hukunwa kwa mashine, mtu akasimama dakika mbili na kuondoka na mfuko wa nazi iliyokunwa mbele ya macho yake. Kisamvu huuzwa kimekwisha kutwangwa, samaki huparwa pale pale kwa malipo kidogo, na madukani limo tui la pakiti lisilochacha. Wapo wazee wanaosikitika. Mimi kwa mashine ya nazi sisikitiki hata chembe, kwa kuwa imechukua mahali pa mtoto ambaye sasa yuko shule, na nazi yake ni ile ile, ya asubuhi ile ile. Tui la pakiti nalo litaokoa siku ya dhiki, lakini halina kasimile, na mchuzi wa pweza uliopikwa kwalo hauna ule utamu unaobaki midomoni. Nalisema hili kama hukumu ya mlaji, na asiyekubali na ajaribu vyote viwili kwa siku mbili mfululizo.

Linalonikera ni jingine. Bibi amefariki, shangazi yuko kazini, watoto wako shule, jirani amefunga lango. Na mahali pa hao wote nyumba nyingi za mjini zimemweka msichana mmoja wa kazi, aliyetolewa shamba au bara akiwa mdogo, anayekuna, anayefua, anayelea na anayelala wa mwisho, kwa mshahara ambao mwenye nyumba huona haya kuutaja mbele ya wageni. Tuliosoma habari za jiko la Mtoni hatuna udhuru wa kutolitambua jambo hili. Msichana huyo astahili mshahara wa haki, na siku ya mapumziko, na sahani ile ile ya chakula, tena astahili kula wakati ule ule.

Na kabla ya kumtafuta msaidizi mwingine yeyote, nawakumbusha wanaume wenzangu jambo wanalolijua. Katika harusi na maulidi zetu, anayesimama mbele ya sufuria za pilau na biriani, akageuza mchele wa magunia kwa mwiko mrefu kama kafi, tangu zamani ni mwanamume, na hapana aliyewahi kuona aibu juu yake. Na aliyekuwa akibeba kikapu cha Darajani kila asubuhi ni baba, si mama. Kikapu hicho tulikiweka chini lini, na kwa amri ya nani? Nawaomba basi, enyi kina baba mnaotoka kazini saa ile ile watokayo wake zenu: piteni sokoni, chagueni samaki kwa kidole kama walivyochagua babu zenu, mparishe pale pale, mkunishe nazi mbili, na mkifika nyumbani mkae kitako mkamue tui, ili mama wa watoto akifika akute moto umekwisha kuwaka.